Ujuaji kwenye kiti cha ekskaveta

Simu ilikuja Jumamosi mchana, jamaa ninayemfahamu juu juu tu, sauti imeshuka, akaniambia "kaka, mashine imelala". Hakusema imeanguka, alisema imelala, na mtu wa saiti akisikia hivo swali lake la kwanza sio mashine ikoje, ni kuna mtu chini? Akasema hakuna mtu. Nikamwambia azime injini kama bado inaunguruma, asiruhusu yeyote kusogea upande wa bondeni, nakuja.

Nilimkuta kakaa kwenye udongo na kiatu kimoja, kingine kimebaki ndani ya kebini. Ni ekskaveta ndogo, ile mashine ya kuchimba inayotembea kwa cheni, zile za tani moja na nusu mpaka mbili hivi, imelala ubavu kwenye mteremko ambao kwa macho haukutishi hata kidogo, mtoto anaushuka huku anakimbia. Cheni ya upande wa juu iko hewani, baketi, lile koleo lake la kuchotea, imejaa udongo, mkono umenyooka kuelekea bondeni. Kwa jinsi ilivyolala nilijua alichokifanya dakika ya mwisho, kama vile mtu anavyosoma nyayo. Alikuwa amesimama kwa ubavu wa mteremko, akachota, akageuza mwili wa mashine upande wa chini ili amwage, alafu akanyoosha mkono amwage mbali zaidi. Basi, imeisha hapo.

Aliniangalia akasema, "lakini nilikuwa nimeshaizoea."

Ameikodi asubuhi ya siku ile ile. Masaa matatu.

Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi sana kwenye hii kazi, na kila nikiisikia roho inaniuma maana najua anayeisema hadanganyi. Alikuwa ameizoea kweli, na hapo ndo penye mtego. Ekskaveta ya siku hizi ni rahisi kuendesha kuliko watu wanavyodhani, ukikaa kwenye kiti nusu saa ya kwanza unayumba yumba, baketi inagonga chini, mkono unaenda usikotaka, ila baada ya saa moja vidole vinaanza kuelewa, saa ya pili unachota na kumwaga bila kufikiria, saa ya tatu unajiona opereta. Na hakuna kitu chochote kwenye ile mashine kitakachokwambia bado. Inakutii tu. Ukiiambia ijichimbie shimo chini ya cheni zake yenyewe itajichimbia, kwa unyenyekevu ule ule iliokuwa nao ulipokuwa unafanya vizuri.

Fikiria jembe. Ukilima kwa jembe ukagonga jiwe mkono unajua, bega linajua, mpaka meno yanajua, ukigonga mzizi unausikia tofauti na jiwe, udongo ukiwa na maji unausikia uzito wake mgongoni. Jembe linakufundisha kazi bila mwalimu kwa sababu maumivu ni yako. Ekskaveta imechukua hayo yote ikayaondoa, umekaa kwenye kiti unasukuma liva kwa vidole viwili, mafuta ya haidroliki ndo yanafanya kazi, baketi ikikata mzizi au bomba la gesi au waya wa umeme uliozikwa vidole vyako vinasikia kitu kile kile, yaani hakuna. Kwahiyo yule anayeingia saiti akiamini atajifunza akiwa anafanya, kama alivyojifunza baiskeli au jembe au kupiga msumari, hajui kwamba hii kazi haifundishi hivo, inakaa kimya kabisa mpaka dakika ambayo kosa lako halirekebishiki tena.

Nirudi kwenye ule mteremko. Mashine ikiangalia mbele inasimama juu ya urefu wa cheni zake, ukigeuza mwili wake upande inasimama juu ya upana, na kwenye hizi ndogo upana ni kama mita moja tu. Sasa weka udongo kwenye baketi, nyoosha mkono, alafu yote hayo uyafanye kuelekea bondeni. Ni mzani ule ule unaojulikana na kila mtu, jiwe dogo likikaa mbali linashinda jiwe kubwa lililokaa karibu, ila akiwa ndani ya kebini mtu anaona baketi tu, na baketi haijabadilika, udongo ni ule ule aliochota mara arobaini tangu asubuhi bila shida yoyote. Kilichobadilika ni umbali na upande, vitu viwili ambavyo ukiwa kwenye kiti havionekani.

Alikuwa hajafunga mkanda. Mashine ilipoanza kuondoka aliruka upande wa juu, akabahatika, na nasema bahati kwa maana yake kamili kwa sababu mashine ikilala mwili wa mtu unatupwa kule kule inakolalia, anayejaribu kuruka mara nyingi anatua pale pale ambapo paa la kebini litatua sekunde inayofuata. Zile nguzo za kebini zimewekwa kama kizimba cha kukulinda ila zinamlinda aliyebaki ndani, na kinachokubakiza ndani ni mkanda. Kwenye matrekta hili lilijulikana zamani, Uswidi waliweka sheria mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya kumlinda dereva likipinduka na vifo vikapungua sana, Marekani nao wakafuata kwa matrekta yaliyotengenezwa kuanzia mwisho wa 1976 kwenye mashamba yenye waajiriwa. Trekta lililofungwa mzigo juu ya pale panapotakiwa kufungwa linaweza kuinua pua na kupinduka kinyumenyume ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Jaribu kusema jina lako na la baba yako, ndo muda wenyewe huo.

Sasa niseme la kwangu maana sitaki ionekane namsema mwenzangu kutoka juu ya mlima.

Nilikuwa kijana, kazi yangu ilikuwa kumsaidia opereta, kupaka grisi, kuosha cheni, kusimama na bendera. Mzee aliyekuwa ananifundisha alikuwa ananiruhusu kukaa kwenye kiti dakika chache jioni kazi ikiisha, yeye akiwa amesimama pembeni. Siku moja mchana watu wamepumzika, ufunguo umebaki, nikapanda. Nilikuwa najua liva zote nne za msingi, najua kuchota, najua kugeuza, nilikuwa na uhakika hakuna kitu cha kunishinda pale. Nikawasha, nikainua mkono, nikageuza kushoto. Ile mashine ilikuwa kubwa, zaidi ya tani 20, na nyuma yake kuna ule uzito wa chuma unaoisawazisha, ukigeuza mbele kushoto nyuma inazunguka kwenda kulia, na pale nyuma kulikuwa na ukuta, na kati ya ukuta na mashine alikuwa mwenzangu amelala kwenye kivuli anapumzika.

Sikumwona. Nilikuwa naangalia baketi, kila mgeni anaangalia baketi. Nilichosikia ni mtu anapiga kelele mbele yangu huku ameinua mikono yote miwili, nikaachia liva. Nilipozima na kushuka, kati ya kile chuma na ukuta ilikuwa imebaki nafasi ya kama kiganja kilichokunjuliwa, na mwenzangu yuko chini amejikunja hata kupumua hapumui kwa woga. Alikuwa amelala chini, ndo maana kile chuma kilimpita juu, angekuwa amesimama au ameketi ameegemea ule ukuta ningekuwa nimemuua kwa kidole kimoja. Mpaka leo nikipanda mashine yoyote naizunguka kwanza kwa miguu, nzima, nainama nachungulia na chini, hata kama nimeshuka dakika mbili tu kunywa maji.

Mzee hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia "dogo, kuanzia kesho hukai kwenye kiti", na ikawa hivo kwa miezi. Alinifundisha nikiwa nimesimama chini. Ananipa nondo nichome ardhini kila baada ya hatua kadhaa nimwambie palipo laini na palipo pagumu. Ananiuliza hii baketi imebeba kilo ngapi, nikikosea ananirudisha kwenye hesabu, mita moja ya ujazo wa udongo ni tani moja na nusu kwenda juu, ukiwa na maji unazidi, mawe yanazidi, kwahiyo lile rundo unaloliita udongo tu ni sawa na gari. Ananiuliza mashine ikigeuka hapa mgongo wake utafika wapi, nachora mstari chini kwa mguu. Siku aliponirudisha kwenye kiti nikakuta liva ndo kitu kidogo kuliko vyote.

Na hata hizo liva zenyewe, wangapi wanajua kwamba haziko sawa kwenye kila mashine? Kuna mipangilio miwili mikubwa. Kwenye mmoja mkono wa kushoto unageuza mwili na kupeleka ule mkono mfupi wa mashine unaoshika baketi, wa kulia unainua na kushusha bumu, ule mkono mrefu unaotoka kwenye mwili wa mashine, na kuchezesha baketi. Kwenye mwingine bumu imehamia kushoto na mkono mfupi umehamia kulia. Mashine nyingi zina swichi au valvu ya kubadilisha, kwahiyo hata mashine ile ile uliyoiacha jana inaweza kuwa imebadilishwa na aliyeitumia baada yako. Nimewahi kumwona mtu mwenye uzoefu wa kweli, sio mgeni, amepanda mashine ya mwenzake akataka kusogeza mkono mbele kidogo, bumu yote ikashuka kama mti uliokatwa. Kulikuwa hakuna mtu chini, ila nusu saa kabla watu walikuwepo pale. Kutembea nako kuna lake, ukigeuza mwili wa mashine nyuzi 180 juu ya cheni zake, ile sproketi ya kuzungusha cheni ambayo inatakiwa iwe nyuma yako inakuwa mbele, na hapo ukisukuma mbele mashine inarudi nyuma. Opereta anachungulia sproketi iko wapi kabla hajagusa chochote. Mgeni anasukuma, anaona inarudi nyuma, anashtuka, na mtu akishtuka anasukuma zaidi.

Kuna jambo moja ambalo likitajwa siwezi kuongea kwa sauti ya kawaida, nalo ni mitaro. Mtu amekodi mashine achimbe mtaro wa bomba, inachimba vizuri, kuta zimesimama wima zimenyooka zinapendeza, mita mbili kwenda chini. Chini kuna udongo umebaki ambao baketi haiufikii, anamwambia kijana ashuke na koleo. Anashuka maana ukuta umesimama, na kitu kilichosimama tangu asubuhi mtu anaamini kitaendelea kusimama. Ila ule udongo hapo kabla ulikuwa umeegemea udongo mwenzake, we umeuondoa, kila dakika inayopita unakauka au unalowa na kuachia, alafu pembeni kabisa umelundika kifusi chote ulichotoa na mashine yenyewe imesimama juu inatetemeka. Ukuta hautoi onyo la maana, labda ufa mdogo sambamba na ukingo, labda vichembe vinaanza kudondoka, alafu unashuka wote kwa pamoja. Rudi kwenye hesabu ya mzee, tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Mtu hahitaji kufunikwa kichwa ndo afe, ukimfika kifuani inatosha, akitoa pumzi kifua kinashuka udongo unajaza ile nafasi, akitaka kuvuta hewa kifua hakipandi tena. Na waliobaki juu wanaruka ndani kumwokoa, ukuta wa pili unashuka.

Marekani sheria inataka mtaro ukifika kina cha mita 1.5 uwe na kinga, kuta zilazwe au ziwekewe ngao, isipokuwa kama umechimbwa kwenye mwamba mtupu, na kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Na huko kwenye sheria na wakaguzi bado watu wanakufa mitaroni. Sasa huyu aliyekodi mashine wikiendi anamshusha mtoto wa mwenzake humo kwa kinga gani? Mi nimeshatoka kwenye kazi kwa sababu hii, nimezima mashine nikaondoka bila malipo, bosi akasema namcheleweshea kazi. Sijutii.

Foklifti, ile ya kunyanyulia mizigo ghalani, nayo watu wanaidharau kwa sababu inafanana na kigari. Ya kunyanyua tani mbili na nusu yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwahiyo matako yake yanatupwa nje pale unapokunja, na mzigo ukiwa juu kona ndogo ya haraka inatosha kuilaza. Ikilala usiruke, shika usukani, kaza miguu, egemea upande ule ambao haiangukii. Kreni ndo kabisa usiiguse, maana kreni iliyoandikwa tani 50 inabeba tani 50 mzigo ukiwa karibu na mwili wake, mkono ukienda mbali unaweza usibebe hata tani 5, na kuna jedwali la kusoma kabla ya kila mnyanyuo. Na wenye ujuzi nao huwalemea, tarehe 14 Julai 1999 kule Milwaukee kreni kubwa iliyokuwa inanyanyua kipande cha paa la uwanja wa besiboli ilianguka siku ya upepo, mafundi watatu wa vyuma wakafa. Hao walikuwa na mahesabu na wataalamu na miaka ya kazi.

Umeme wa juu nao niuseme kwa kuwa maelekezo yake yanaenda kinyume na akili ya kawaida. Mkono ukigusa waya, kaa ndani. Usishuke. Uliye ndani uko salama kuliko anayekuja kukusaidia, waambie wakae mbali, umeme ukatwe kwanza. Kama mashine imeshika moto na lazima utoke, ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, alafu ondoka kwa kuruka ruka au kuburuza nyayo bila kuzitenganisha, kwa sababu ardhi pale ina umeme unaopungua kadri unavyoenda mbali, ukipiga hatua ndefu mguu mmoja uko kwenye umeme mwingi na mwingine kwenye mdogo, unapita katikati yako.

Na haidroliki. Ukiona paipu inavuja usipitishe mkono kutafuta tundu, tumia kipande cha boksi. Kwenye ekskaveta kubwa msukumo wa mafuta unafika baa 350, tairi la gari dogo ni baa 2 na kitu, kwahiyo mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano yanapenya ngozi kama sindano. Nilimwona mtu, kidonda chake kilikuwa kama amechomwa na mwiba, hakiumi sana, akafuta kwa kitambaa akaendelea na kazi. Usiku mkono umevimba mpaka kiwiko. Hiyo ni upasuaji wa haraka, masaa machache tu, na mtu anaenda kulala akisema kesho kitakuwa kimepoa.

Lawama yangu kubwa haiko kwa anayepanda. Iko kwa anayetoa ufunguo. Mtu anakuja kukodi mashine ya tani mbili, anaonyeshwa hii inainua, hii inageuza, hii ni ya kuzimia, dakika tano, saini hapa. Hakuna aliyemuuliza unaenda kuchimba wapi, ardhi ina mteremko, kuna nini chini, nani atakuwepo karibu. Alafu anafungua video anaona opereta wa miaka 20 anachezea baketi kama kijiko cha chai, inaonekana laini kabisa, kwa sababu ile miaka 20 haionekani kwenye video.

Yule jamaa wa Jumamosi tulimsaidia. Tulileta mashine nyingine kubwa, tukafunga mikanda ya kunyanyulia kwenye fremu sio kwenye kebini, watu wote nikawasogeza mbali maana mkanda au cheni ikikatika inarudi kama mjeledi, tukaiinua polepole mpaka ikakaa kwenye cheni zake. Kioo kimepasuka, mafuta yamemwagika, vingine vizima. Na ilipokaa sawa tu, kabla hata sijafungua ule mkanda wa kwanza, alishapanda ngazi mkono wake uko kwenye ufunguo.

Nilimshika mkono. Mashine ikilala mafuta ya injini yanapanda kwenye silinda, na mafuta hayashindiliki kama hewa, ukiwasha hapo hapo pistoni inakutana na kitu kisichobonyea unakunja koni rodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni, injini imekufa. Inabidi isubiri, ifunguliwe, izungushwe taratibu mafuta yatoke, ipimwe. Nilimweleza yote hayo akiwa bado amesimama kwenye ngazi, akawa kimya, alafu akashusha mkono akanipa ufunguo mwenyewe.

Akauliza kwahiyo leo hatufanyi kitu tena? Nikamwambia tunafanya. Nikatia ufunguo mfukoni, nikampa nondo, tukaanza kupanda ule mteremko kwa miguu, kila baada ya hatua tatu anachoma chini ananiambia anasikia nini.